Chumvi, Mpira na Soko la Kisangani

Kongo si nchi isiyo na chumvi. Katika bonde la Lufira, Katanga, chemchemi za Mwashya zilitoa chumvi iliyosafirishwa kwa miguu hadi mbali, nayo katika karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa bidhaa za himaya ya Msiri. Mbona basi nchi haina chumvi ya kuuza nje, na Kisangani yenyewe hula ya kigeni?

Wengi hutaja umbali. Ni kweli, ila hautoshi. Msituni watu walijitengenezea chumvi: wanawake walichoma mimea ya majini, wakachuja maji katika majivu, wakayachemsha hadi yakauke. (Hasa ilikuwa chumvi ya potasiamu, yenye uchungu kidogo.) Wangwana nao walileta Manyema chumvi ya Uvinza, iliyovushwa Ziwa Tanganyika.

Kilichogeuza mambo ni mpira. Chini ya Dola Huru ya Kongo (1885–1908), mahali pengi wanaume walisukumwa msituni, na wake zao, ambao ndio waliojua kazi ya majivu, walishikwa mateka hadi mpira uletwe. Malipo, yalipokuwapo, mara nyingi yalikuwa vipimo vya chumvi iliyokuja kwa meli. Kazi ya mikono yao ikawa ujira wao.

Mwaka 1898 reli kutoka Matadi ilifika Léopoldville, na chumvi ya bahari ikapata njia ya kupanda mto. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, Rhodesia, kwa ajili ya shaba.