Selenium imenikuta Kahe

Likizo niko home Kahe, natengeneza programu ya michango ya kikoba cha mama. Nikirekebisha hapa, pale panaharibika. Narudia kubofya kila kitu kwa mkono hadi vidole vinauma.

Kumbe si mimi wa kwanza. Mwaka 2004 Jason Huggins wa ThoughtWorks, Chicago, alichoka hivyohivyo na programu ya kujaza saa za kazi, akaandika Selenium imbofyie. Jina ni utani kwa mshindani, Mercury, yaani zebaki: madini ya selenium hupunguza sumu yake.

Kuanza ni rahisi: pip install selenium. Tangu toleo la 4.6 la 2022, inajitafutia yenyewe draiva ya brauza.

Jaribio langu la kwanza lilifeli: mchango mmoja ulihesabiwa mara mbili. Afadhali nimeona mimi kabla ya akina mama! Tuonane chuo.