Mtandao ulifika Kamina mbele ya kompyuta

Wandugu, karibu kila mmoja wetu aliyemaliza chuo alipitia, ao atapitia, mafunzo ya informatika ya miezi mitatu. Tunajua vile inaenda: kuwasha mashini, kuandika mu Word, kupanga nambari mu Excel, kutuma barua pepe, kiisha cheti. Sisemi ni vibaya. Mimi ni mtu wa kilimo, na bila Excel ningekuwa naandika TFC yangu mpaka leo. Lakini kuna wazo moja linatembea pamoja na vile vyeti, na hilo njo nataka kulipinga hapa: kwamba informatika ni kitu kilichotoka Ulaya na Marekani kikiwa kimekamilika, na sisi watu wa Haut-Lomami kazi yetu ni kujifunza tu mahali pa kubonyeza.

Historia ya inchi yetu inasema kingine. Ginsi habari inageuzwa alama, ginsi inawekwa, ginsi inasafiri, ginsi watu wawili wanapatana namna ya kuisoma: hayo yote yalifanyika huku kwa mikono, kwa mbao, kwa chuma. Na ile historia inaonyesha pia ginsi watu wanaweza kuyapoteza.

Tuanze na alama, na kwa hiyo nitawatoa kidogo Kamina, nitawapeleka juu upande wa Kisangani, kwa Walokele wa mtoni. John Carrington, mmisionari Mwingereza, alifika mu Kongo mwaka wa 1938, akafundisha Yakusu, akajifunza kupiga ngoma, na mu 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Wazungu mbele yake waliwaza kwamba ngoma iko na alfabeti ya siri, kama ile ya telegrafu. Apana. Kilokele ni lugha ya toni: kila silabi iko juu ao chini. Ngoma ya mti, ile iliyochimbwa ndani na kuachiwa mwanya mrefu, iko na midomo miwili, mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Ngoma haisemi konsonanti wala vokali, inasema zile toni tu. Alama mbili, basi. Kompyuta nayo haijui kitu kingine: sifuri na moja. Herufi A mu kodi ya ASCII ni 65, na mashini inaiandika 1000001.

(Kiluba chetu pia ni lugha ya toni. Kiswahili apana, njo maana hauwezi kukipiga kwa ngoma kwa njia ile. Katika jambo hili, bakubwa wa kijiji wako mbele ya sisi watoto wa mjini.)

Lakini kukiwa alama mbili tu, maneno mengi yanafanana. Mu Kilokele, neno la mwezi na neno la kuku yanapigwa sawasawa. Mpiga ngoma anafanya nini? Anaongeza mkia. Hasemi «mwezi» peke yake, anaongeza maneno yanayoeleza kwamba ni ule unaotazama dunia toka juu. Kuku naye anapata mkia wake. Carrington aliona kwamba ujumbe wa ngoma unakuwa mrefu mara nyingi kuliko maneno ya mdomo. Mtu asiyejua anasema ni mapambo, ni watu wanapenda kuongea sana. Kumbe ile mikia njo inaokoa ujumbe. Mwaka mmoja mbele ya kile kitabu, mu 1948, Claude Shannon alitoa mu Marekani makala yake juu ya hesabu ya mawasiliano, na kati ya mambo makubwa aliyoonyesha ni hili: ukitaka ujumbe ufike salama mu njia yenye kelele, utume zaidi ya kile kinachohitajika. Kila picha unayotuma leo kwa simu inabeba alama za ziada za kuchunga kama kuna kitu kiliharibika njiani. Ni mkia wa kuku.

Sasa turudi kwetu, mu inchi ya Waluba, sababu juu ya kuweka habari tuko na kitu ambacho dunia yote inatushangalia, na wengi wetu hatujakiona hata siku moja. Lukasa. Ni kibao cha mti, kiuno chembamba, kirefu karibu sentimita 25, kinaenea mu mkono. Upande mmoja umejazwa shanga na simbi, ingine kubwa, ingine ndogo, za rangi mbalimbali. Upande wa nyuma umechorwa kama gamba la kobe. Mwenye kukisoma anakishika mu mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kuume kinatembea juu ya shanga, na mdomo unatoa historia: Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki, Kalala Ilunga, wafalme waliofuata, mipaka, mahali patakatifu, nani anakaa wapi mbele ya mfalme. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa chifu na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia, safari.

Nimesema «inaweza», na sikosi maneno. Shanga haiko herufi. Lukasa haiwezi kusomwa na kila mtu mwenye macho. Wenye kuisoma ni watu wa Mbudye, shirika lenye vyeo, na mtu alipanda cheo kwa cheo, na kwa kila cheo akifundishwa zaidi, mpaka bale wa juu kabisa njo walijua kusoma kibao chenyewe. Tena msomaji mmoja angeweza kusoma kibao kilekile tofauti kwa siku ya kumweka chifu na kwa siku ya kukata maneno ya ardhi. Thomas Reefe, mwanahistoria Mmarekani, aliandika juu yake mu 1977. Mu 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wakaweka maonyesho makubwa New York juu ya sanaa ya Waluba, na neno walilochagua kuwa kichwa cha maonyesho lilikuwa «kumbukumbu».

Mtu wa informatika akisikia hivi anajua tuko tunaongea nini. Kuna kifaa kinachoweka, na kuna programu inayosoma. Disko bila programu ni chuma tu. Mu lukasa, programu ilikuwa mu kichwa cha mtu, na ilichukua miaka kuipakia. Kiisha ufalme ukavunjika mwisho wa karne ya 19: ugomvi wa warithi kisha kifo cha Kasongo Kalombo, biashara ya watumwa na bunduki, halafu Leopold. Mbudye haikukufa yote, lakini vibao vingi viliondoka. Moja iko mu Brooklyn Museum. Unaweza kuiona kwa simu yako saa hii, picha safi, kila shanga inaonekana. Data yote iko. Nani anaisoma?

Swali hilo haliko la zamani. Nilipomaliza masomo nilishika kazi kidogo kwa mradi mmoja wa mihogo, sitataja ni wa nani. Vipimo vya misimu miwili vilikuwa mu faili moja, kolona zinaitwa V1, V2, T0, T3, na kuendelea. Aliyepanga zile kolona aliondoka, mkataba wake ulikuwa umeisha, na hakuna karatasi iliyoeleza kama V ni aina ya mbegu ao ni shamba. Faili inafunguka vizuri kabisa. Nambari zinaonekana. Kazi ya wakulima ya misimu miwili, na hakuna mtu anayejua inasema nini. Hapo njo nilianza kuwaza juu ya lukasa, sababu cheti chetu cha miezi mitatu kinafundisha kuchora kolona, lakini hakifundishi kwamba kolona bila maelezo ni shanga bila Mbudye.

Upande wa safari ya habari, Kamina haihitaji mfano wa mbali, Kamina yenyewe njo mfano. Kampuni ya BCK iliundwa mu 1906. Reli ilifika Bukama mu 1918. Mu 1928 ile ya Bukama mpaka Port-Francqui, njo Ilebo ya leo, ikafunguliwa, na ikapita hapa. Mu 1956 tawi la Kabalo likaungwa. Toka hapo, Kamina iko mahali njia tatu zinakutana: kusini Lubumbashi, magharibi Kananga na Ilebo, mashariki Kabalo, na toka kule Kalemie ao Kindu. Mfuko wa mahindi ukifika hapa, mfanyakazi wa reli hana haja ya kujua nani aliulima wala nani atakula. Anasoma kibandiko: mahali unakwenda. Anaupandisha mu behewa la upande ule. Ile mashini ya mtandao tunaita ruta inafanya kazi hiyo tu, hakuna ingine. Inapokea kipande cha habari, inasoma anwani, inakisukuma ku njia inayofaa. Na ujumbe wako haupiti mzima: unakatwa vipande, kila kimoja na kibandiko chake, vinaweza kupita njia mbalimbali, na vinapangwa tena kule mwisho.

Kuna jambo moja la ile reli ya Kabalo ambalo walimu wa mitandao wangelitumia kila mwaka. Reli za upande wa Kalemie zilikuwa za kampuni ingine, CFL, na upana wao ulikuwa milimita 1,000. Reli za BCK zilikuwa milimita 1,067. Tofauti ni sentimita karibu saba, upana wa vidole vichache! Lakini behewa la huku haliwezi kutembea kule. Mbele ya kuunga, ilibidi CFL ibadilishe upana wa njia yake, kazi iliyofanyika mu 1955. Mu informatika, makubaliano ya namna hiyo yanaitwa protokoli. Mtandao wa ARPANET ulianza kutuma mu Oktoba 1969, lakini ni tarehe 1 Januari 1983 ndipo mashini zake zote zilihamia TCP/IP, upana mmoja wa reli, na kwa hiyo mitandao mingine ikaweza kuungwa. Intaneti maana yake njo hiyo: mitandao iliyokubaliana upana.

Yaliyofuata tunayajua, nitapita mbio. Kulikuwa foni, ile redio ambayo wazazi wetu walikuwa wanaendea kwa saa iliyopangwa kusema na ndugu wa Lubumbashi, na watu wote mu nyumba wanasikia maneno yako. Mu miaka ya 1980 Telecel ya Miko Rwayitare ilileta simu ya mkono Kinshasa, kati ya za kwanza mu Afrika, kwa waministri na watajiri. Mu 1997 jina la inchi likageuka, na .zr ikawa .cd. Vodacom ilianza mu 2002, M-Pesa yao mu 2012. Mu 2013 kabeli ya bahari WACS ikaanza kutumika Muanda. Na tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ikakatwa inchi nzima karibu siku 20. Wengi walisema «rezo imekufa». Haikukufa. Mtu alifunga mlango mahali fulani. Asiyejua ginsi mtandao unatembea hawezi kutofautisha mlango uliofungwa na antena iliyoanguka, na kwa raia tofauti hiyo ni kubwa.

Sisi wa agronomia tuko na sababu yetu ya pekee. Kule Yangambi, kituo cha INEAC, toka 1937 mpaka 1958 watu walitembea kila juma mu msitu wakiandika juu ya miti zaidi ya 2,000: imetoa maua, imezaa, imepoteza majani. Waliandika kwa alama ndogo mu jedwali kubwa za karatasi. Miaka hii ya karibuni zile karatasi zilipigwa picha, zikawekwa ku intaneti, na watu wa kujitolea wa inchi mbalimbali wakasoma alama moja moja na kuzigeuza data ya kompyuta. Leo watafiti wa tabianchi wanazitumia. Bale waliotembea mu ule msitu na kuandika, wengi walikuwa Wakongo. Bale waliosoma walikaa mbele ya vioo vya kompyuta mbali sana na Yangambi. Kazi ile ilikuwa ndani ya uwezo wetu: ni macho, subira, na kujua jedwali inapangwa ginsi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wale wanaopanga mafunzo ya likizo hii ni dogo. Juma la kwanza tusifungue Word. Tuchukue kompyuta mbili za zamani na kabeli moja, bila intaneti, bila kununua mega, na umeme wa panneau moja unatosha. Tuziungane. Ya kwanza tuipe anwani 192.168.1.1, ya pili 192.168.1.2. Kiisha mwanafunzi aandike ping kwenye moja, na aone nyingine inajibu. Juma la pili kila mmoja alete faili yenye kolona kumi, na karatasi inayoeleza kila kolona kwa Kiswahili ao Kiluba, tumpatie mtu asiyeijua, na tumwambie asome.