Laini ya mafuta: kutoka Peugeot 504 hadi EFI, barabara ya Mombasa–Malindi

Leo naweka kompyuta pembeni kidogo tuzungumzie gari lisilowaka. Msione ajabu. Laini ya mafuta ni mfumo kama mifumo mingine: una chanzo, njia na mpokeaji. Historia yake hapa Pwani ndiyo inayoeleza kwa nini mafundi wawili wa gereji moja, mzee na kijana, hubishana mpaka adhuhuri na wote wakawa sawa.

Tuanze na feri. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, gari la kwenda Malindi lilivuka hori kwa feri. Hizo zilikuwa enzi za Peugeot. Modeli ya 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 iliyotoka mwaka 1968 ikarithi jina hilo.

Sasa fikiria 504 ya kabureta kwenye foleni ya feri saa nane mchana. Umezima injini ikiwa moto, upepo hauingii tena kwenye rejeta, na joto lote linapanda juu. Petroli inachemka ndani ya paipu na ndani ya pampu, ambayo imefungwa kwenye injini yenyewe. Pampu ya kiwambo haiwezi kuvuta mvuke. Feri imefika, wewe unapiga stata tu! Dawa ilikuwa kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, kisha subira.

Lakini kulikuwa na ugonjwa mwingine uliofanana na huo. Pampu ikiwa mbele, paipu yote kutoka kwenye tangi inavutwa, haisukumwi. Klipu ikilegea huko nyuma, au mpira ukipasuka kidogo, gari likiwaka huenda usione hata tone chini: badala ya petroli kutoka, hewa inaingia. Ndiyo maana fundi mzee haangalii chini. Anashika kila kiungio kwa mkono, anakunja mipira atafute nyufa.

Kule Ujerumani, Bosch walikuwa wameshaanza kuuza injection ya kielektroniki, D-Jetronic, mwaka 1967. Kwetu teknolojia hiyo ilienea zaidi na magari ya mtumba kutoka Japani, miaka ya 90 na kuendelea. Corolla za mwisho wa miaka ya 80 zilikuja za aina zote mbili, kabureta na EFI, na kwa nje huwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Wadau, kwa maoni yangu hapo ndipo vurugu ilipoanza.

Katika EFI pampu ya umeme imezama ndani ya tangi, inasukuma kwa presha ya kama bar 3. Kabureta inatosheka na chini ya nusu bar. Kwa hiyo kila kitu kimegeuka: kiungio kilicholegea sasa kinarusha petroli, na kinairusha juu ya injini moto. Mpira wa kabureta ukifungwa kwenye EFI kwa sababu unatosha kipimo, unaweza kushika siku kadhaa kisha ukapasuka njiani. Hapo si suala la gari kukataa kuwaka, ni gari kuteketea na watu ndani. Soma maandishi ya kwenye mpira: SAE 30R7 ni wa presha ndogo, 30R9 ni wa injection. Tofauti ya bei si kitu.

Kutafuta kosa, mimi napenda njia yetu ya programu: gawa katikati. Katikati ni filta. Kwanza ondoa fyuzi ya pampu, piga stata sekunde chache presha ishuke, tenga betri, weka kitambaa, na sigara iwe mbali kabisa. Fungua upande wa kutokea, elekeza paipu kwenye chombo, rudisha umeme, mwenzako apige stata kidogo. Mafuta yakija kwa nguvu, nyuma kote ni kuzima, hamia mbele. Yasipokuja, jaribu upande wa kuingilia: yakija hapo, filta imeziba. Kukiwa kukavu, rudi kwenye tangi, pampu na waya zake.

Na kama tangi lilishushwa juzi, angalia jambo moja kabla ya yote. EFI nyingi za zamani zina paipu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Zikibadilishana, pampu inasukumana na regyuleta iliyofunga, na injini haipati kitu. Ya kwenda ndiyo inayopita kwenye filta.