Lenzi za zamani za renjifainda na "miwani" yake: usiing'oe kabla hujasoma hapa

Wadau, kuna swali linajirudia sana kwa wapenzi wa kamera za filamu: "Nimepata lenzi ya zamani ya Leica, imekuja na kidude kama miwani kimekaa juu yake. Nikitoe?" Jibu fupi ni hapana, tulia kwanza. Jibu refu ndiyo hili, maana lenzi hizi zinauzwa hela ndefu na watu wanaziharibu kwa kutojua tu.

Tuanze na kamera yenyewe. Kwenye renjifainda huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na katikati yake unaona taswira mbili za kitu kimoja. Unazungusha lenzi mpaka zinalaliana, hapo fokasi imekaa. Leica ya kwanza kuuzwa, mwaka 1925, haikuwa na kipimo hicho ndani yake. Kilikuja na Leica II mwaka 1932, mwaka huohuo Zeiss nao wakatoa Contax. Baadaye Umoja wa Kisovieti ukatoa FED na Zorki zilizofuata Leica, na Kiev iliyofuata Contax.

Sasa kasheshe iko hapa: kidirisha kimetengenezwa kwa lenzi chache tu. Leica M3 ya mwaka 1954 ina fremu za mm 50, 90 na 135, basi. Ukifunga lenzi ya mm 35, lenzi inaona eneo pana kuliko fremu yoyote iliyopo. Ndipo viambatisho vinapoingia, na viko vya aina mbili. Watu wanavichanganya kila siku.

Aina ya kwanza ni kitazamio cha kuchomeka juu ya kamera, pale panapokaa flashi. Hiki kinakuonyesha mipaka ya picha tu, fokasi hakijui. Kwa hiyo hata kikiwa cha kampuni nyingine poa tu, mradi namba yake ifanane na ya lenzi. Leitz walikuwa na SBOOI kwa mm 50 na SBLOO kwa mm 35, na VIOOH ya kuzungusha kwa lenzi tofauti. Kuna VIDOM pia, ya zamani zaidi, ambayo inageuza kushoto kuwa kulia. Mtu akitembea kwenda huku, wewe unamfuata kule! Mimi sikushauri, labda kwa kupamba kabati. Kwa mwenye mfuko mwembamba kuna kile cha Kirusi chenye gurudumu la vioo vitano: mm 28, 35, 50, 85 na 135. Kizito kidogo lakini kinapiga kazi.

Ukitumia kitazamio cha juu unafanya kazi mara mbili: unapima fokasi kwenye dirisha la kamera, halafu unahamisha jicho juu kupanga picha. Kwa mtu anayepiga picha za mtaani huo ni mwaka mzima. Dawa yake ni kupanga umbali mapema. Lenzi ya mm 35 kwenye filamu ya kawaida, ukiiweka f/8 na umbali wa mita 5, inakubali kuanzia kama mita 2 na nusu mpaka mwisho wa macho. Kwa hiyo humo ndani hupimi tena, unanyanyua na kupiga. Ya mm 21 kwa f/8 hiyohiyo, iweke karibu mita 2, utapata kuanzia kama mita 1. Ndiyo maana lenzi pana na kitazamio cha juu vinaelewana sana. Mwaka 1999 Cosina wa Japani waliuza Voigtländer Bessa-L ambayo haikuwa na dirisha kabisa, ni kitazamio cha kuchomeka tu, na watu wakapiga nayo picha safi.

Usisahau paralaksi. Kitazamio kiko juu ya lenzi, tuseme sentimita 6. Picha ya kulala ya mm 35 kwa mita 1 inachukua kimo cha kama sentimita 69 tu, kwa hiyo sentimita 6 ni karibu sehemu moja ya kumi: unamkata mtu nywele. Kwa mita 5 kimo ni kama mita 3 na nusu, hakuna atakayejua. Vitazamio vingine vina kijiti cha kurekebisha umbali, kitumie. Kama hakina, inua kamera kidogo kabla ya kupiga.

Aina ya pili ndiyo ile miwani, na hapa ndipo hela zinapopotea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Leitz walitoa lenzi za mm 35, Summaron na Summicron, zenye miwani kwa ajili ya M3. Ukiifunga, kamera inaleta fremu ya mm 50, na miwani inapunguza mwonekano mpaka fremu hiyo ionyeshe eneo la mm 35. Lakini miwani ina vioo viwili, na kimoja kinakaa mbele ya kidirisha cha kipimo. Maana yake kipimo chenyewe kinabadilika, na lenzi imechongwa nyuma kufuata mabadiliko hayo. Ukiing'oa, taswira mbili zitakutana vizuri tu machoni kwako, lakini fokasi kwenye filamu itakuwa pengine. Utajua filamu ikishasafishwa. Elmarit ya mm 135 f/2.8 ni hivyohivyo, ila yenyewe inakuza fremu ya mm 90.

Kuna moja tu ambayo miwani yake imetengenezwa kutoka na kurudi: Summicron mm 50 f/2 ya masafa mawili, iliyoanza 1956. Bila miwani unapiga kuanzia mita 1 kwenda mbele. Ukiipachika, inabonyeza kipini kidogo, unavuta pete ya fokasi na kuingia masafa ya karibu, mpaka sentimita 48. Wauzaji wengi wanaiuza bila miwani, wakikwambia ni lenzi nzima. Siyo nzima, nusu ya kazi yake haipo. Bei ishuke.

Ukienda kununua yenye miwani, ifunge kwenye kamera na uelekeze kitu cha mbali sana, mwezi au mnara wa simu. Lenzi ikiwa mwisho kabisa, taswira zikutane. Moja ikikaa juu ya nyingine, miwani imewahi kugongwa, ni ya fundi. Ukungu kati ya vioo nao ni wa fundi.

Kwa wa dijitali: kwenye kamera zisizo na kioo, kwa adapta, unaona kupitia lenzi yenyewe, kwa hiyo miwani haikusaidii. Ifungue kwa bisibisi, usivunje, itunze pamoja na lenzi yake. Kwenye Leica M8 ya 2006 sensa ni ndogo, mm 35 inakuwa kama 47, chomeka kitazamio cha mm 50. Na ile Summicron ya masafa mawili usiifunge kwenye M8 kabisa, kitabu chake cha maelekezo kinakataza.