Moto Juu, Moto Chini: Historia ya Keki ya Sherehe Issuna

Msafiri atokaye Manyoni kwenda Singida, akiisha kuvipita vichaka vya miiba na kuanza kuyaona majabali yaliyobebana kando ya njia, hufika Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi katika nchi ya Wanyaturu, ambako mashamba ni ya mtama, uwele na alizeti, na mvua ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Ngano si zao la huko, miwa haipo, na siagi ya kopo ni bidhaa iletwayo kwa lori. Walakini leo ni nadra mtoto kupata kipaimara, binti kuagwa kwao au bwana harusi kuketi mbele ya wageni wake, pasipo keki kuwekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Namna chakula hicho kilivyofika, na sababu ya kupokewa kwa taadhima kubwa kiasi hicho, ni sehemu ya historia ya ukarimu wa nchi yetu ambayo haijapewa haki yake, kwa kuwa waandishi wetu aghalabu wameandika habari za vita, za kodi na za vyama, wakaiacha jikoni habari ya wanawake.

Asidhani mtu kwamba kabla ya keki Wanyaturu hawakuwa na kitu cha kumtukuzia mgeni. Nafaka yao ilikuwa chakula, na ilikuwa pombe pia. Pombe hiyo ya mtama au ya uwele ndiyo iliyowakusanya majirani shambani na kwenye karamu. Harold Schneider, mtaalamu wa Marekani aliyechapisha kitabu juu ya uchumi wa Wanyaturu mwaka 1970, aliuona vizuri mzunguko huo wa nafaka, pombe na ng'ombe, ambao kwao mwenye ghala lililojaa aliweza kuwaita watu, na aliyewaita watu alipata heshima. Pamoja na pombe ilikuwapo asali ya nyikani. Keki, basi, haikuingia katika nyumba tupu. Iliingia mahali palipokuwa na kiti kimeandaliwa zamani, ikapewa kiti hicho, hasa katika nyumba za watu walioshika dini mpya na kuiacha pombe.

Ilikuja kwa njia mbili, na ya kwanza ni ya pwani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita kusini ya nchi hiyo, ikaikata nyika iliyoogopwa na wapagazi wote, ile iliyoitwa Mgunda Mkali. Baadaye reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilifuata mwelekeo uo huo, na vituo kama Manyoni na Itigi vikawa na maduka ya Wahindi na Waarabu, na nyumba za makarani, mafundi na askari, ambao wengi wao walikuwa watu wa pwani waliokuja na wake zao. Na wake hao walikuja na elimu yao ya mapishi.

Katika elimu hiyo ilikuwamo habari ya mkate wa mayai, ambao kwa Waswahili wa Unguja, Mombasa na Lamu ni chakula cha Idi, cha arusi na cha mgeni azizi. Mayai na sukari hupigwa pamoja kwa muda mrefu, mkono ukibadilishwa na mkono, mpaka povu liwe zito na jeupe. Unga wa ngano hunyunyizwa kidogo kidogo na kugeuzwa kwa upole ili pumzi ile isitoroke. Iliki hutiwa, na sufuria hupakwa samli. Hamira haimo, kwa sababu pumzi iliyofungwa katika mayai ndiyo inayoumusha. Kisha sufuria huwekwa juu ya makaa machache, ikafunikwa kwa sinia, na juu ya sinia hupaliwa makaa mengi, moto wa juu ukizidi wa chini. Mwanamke wa pwani, asiyekuwa na tanuri la chuma wala fedha za kulinunulia, alilifanya tanuri kwa sufuria na sinia, na ufundi huo nauhesabu kuwa miongoni mwa hidaya kubwa ambazo pwani imeipa bara, ingawa hakuna jiwe lililosimamishwa kuukumbuka.

Njia ya pili ilitoka Ulaya. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840, keki yake, iliyokuwa na uzito wa ratili 300 hivi na kufunikwa sukari nyeupe, ilisifiwa magazetini, na desturi ya keki nyeupe ya arusi ikazidi kupata nguvu, kwanza kwa matajiri, halafu kwa watu wa kawaida wa nchi hiyo. Mwaka 1843 Alfred Bird, mwuza dawa wa mji wa Birmingham, ambaye mke wake hakuweza kula chakula kilichotiwa hamira, alitengeneza unga wa kuumulia mikate bila hamira. Na kutokana na uvumbuzi wa namna hiyo, keki iliyokuwa ikitaka saa nzima ya kupiga mayai ikawa kazi ambayo mtumishi wa jikoni angeweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Kwa hiyo, Waingereza walipoitwaa Tanganyika, keki ilikuwa imo katika nyumba ya kila bwana shauri, na mara nyingi aliyeipika si bibi wa nyumba, bali mpishi Mwafrika, ambaye jioni alirudi kwake na kumweleza mkewe alichokifanya mchana.

Zama za Gavana Twining, kati ya 1949 na 1958, wake wa maofisa walifungua madarasa ya wanawake wa Kiafrika, wakawafundisha kushona, kufuma, kulea watoto na kupika keki. Wapo waliokasirishwa na madarasa hayo, wakisema kwamba nchi inayodai uhuru haina haja ya keki, na hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini mwanamke aliyejifunza kupima unga, kuandika vipimo na kuuza alichokipika hakupoteza siku yake. Misheni nazo zilifanya kazi ileile kwa namna yao. Makiungu, katika wilaya hiyohiyo ya Ikungi, masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lenye asili ya Ireland, walifika mwaka 1954 na kutumikia hospitali. Jimbo Katoliki la Singida likaundwa mwaka 1972. Na kwa ubatizo, komunyo ya kwanza na kipaimara, mwaka wa kijiji ukapata siku mpya za furaha ambazo zilitaka chakula chake.

Katika jiko la Issuna njia hizo mbili zilikutana, na yeyote atakayesimama hapo siku ya kuamkia sherehe ataziona kwa macho yake. Sufuria kubwa, iliyokwisha kuwa nyeusi nje, hutiwa mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili na kuwekwa juu ya mafiga mpaka mchanga ushike moto. Sukari na siagi husuguliwa kwa mwiko katika beseni. Siagi ikikosekana hutumiwa mafuta ya alizeti, ambayo Singida inayo kuliko mikoa mingi, na watu wa huko husema keki yake haikauki upesi. Mayai ni ya kuku wa kienyeji, wale kuku wa Singida wanaopakiwa matenga kwa matenga kupelekwa Dar es Salaam, na kiini chake huipa keki rangi ya manjano isiyohitaji kusaidiwa. Chombo cha keki hushushwa juu ya mchanga, mfuniko huwekwa, makaa hupaliwa juu yake, na mama mwenye kazi huondoka akaendelea na mengine, kwa kuwa si macho bali pua itakayomwita. Akirudi huuinua mfuniko kwa koleo, pole pole, jivu lisidondoke, huchoma kijiti katikati, na kijiti kikitoka kikavu husema neno moja tu: “Tayari.” Vipimo ni vya Mwingereza, moto ni wa Mswahili, mafuta na mayai ni ya Mnyaturu.

Ngano ina habari yake, na haifai kupitwa kwa haraka. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, Hanang, kaskazini ya Singida, yakafikia eneo la takriban ekari 100,000 chini ya shirika la NAFCO. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, waliofukuzwa penye makaburi ya wazee wao na kupeleka daawa mahakamani katika miaka ya 1980. Wengi waliokula mikate na keki za miaka ile hawakujua kwamba unga wao ulikuwa na machozi ndani yake, na ni haki wajue.

Kisha ukaja uhaba. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, unga wa ngano, sukari, sabuni na mafuta vilikuwa vitu vya foleni na vya kuandikiwa. Mwaka 1983 walisakwa wahujumu uchumi, na mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kulegezwa, mpaka ilipofunguka zaidi katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Katika miaka hiyo sukari guru ilitiwa katika chai, na kilo moja ya sukari nyeupe iliweza kufichwa kabatini miezi kadhaa ikingojea harusi. Watu waliopita katika dhiki hiyo ndio waliomfundisha mtoto wao kwamba keki haimegwi ovyo, na wageni hawahesabiwi kwa idadi ya vipande.

Nyumba inayopokea wageni hao inastahili kutazamwa pia. Sebule za wazee wa Issuna, zile zilizosalimika, zimehifadhi samani za nusu karne: kabati la vioo lenye vikombe vya enameli na sahani za maua, cherehani ya Singer iliyofunikwa kitambaa, karabai iliyoning'inizwa, saa ya ukutani, redio kubwa ya mbao iliyowaletea salamu na matangazo ya vifo kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, na juu ya kila kiti kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Nyumba za kale za Lamu na Unguja zilikuwa na zidaka katika kuta zake, na ndani ya zidaka sahani za kaure kutoka China, zilizowekwa ili mgeni azione. Kabati la Issuna linafanya kazi ileile. Nilipoingia katika sebule moja ya namna hiyo na kumwamkia mwenye nyumba, “Shikamoo, mama,” alijibu, “Marahaba mwanangu, karibu ndani,” kisha akalifungua kabati na kutoa vikombe ambavyo, kwa maelezo yake, havitumiwi ila kuna mgeni. Chai ilimiminwa, keki ikakatwa kwa kisu cha mpini wa pembe, na kipande cha kwanza kikapelekwa kwa mzee aliyeketi karibu na mlango.

Sherehe za leo zimezidi kuwa kubwa. Kumekuwa na keki za ngazi tano ambazo ngazi tatu zake ni maboksi yaliyopakwa sukari, na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa aliyetoka Uchagani na kuitwa keki ya Kichaga, anakatwa na kulishwa kwa maharusi katika kumbi za makabila yote. Ndafu naisifu, maana ni nyama kweli na inaliwa. Maboksi siyasifu. Keki isiyoweza kuliwa na wageni haina kazi katika dhifa, hata ikiwa ndefu kuliko bibi harusi, na familia inayokopa fedha ili kuikodi inapoteza lile lililoifanya keki ipendwe tangu mwanzo.

Wanunuzi wa vyuma chakavu sasa wanafika mpaka vijijini, wakipima kwa kilo masufuria mazito ya zamani, pasi za mkaa, karabai na hata vichwa vya cherehani. Msomaji uliye na mama au bibi katika nyumba kama hizo, usiruhusu vitu hivyo viuzwe kabla hujamwuliza vilinunuliwa wapi, mwaka gani na kwa fedha ya mazao gani. Na siku akipika keki, chukua daftari, keti karibu naye jikoni, uandike vipimo vyake vyote kwa kikombe anachokitumia yeye.