Wewe ni wa Nani?

Ingia hospitali yoyote pale Nyeri, simama kwenye korido na uite "sista!" Wanawake watano watageuka, na pengine hakuna hata mmoja aliye mtawa. Wawili wana watoto shule ya msingi, mwingine anauza mitumba wikendi. Jina limewakalia tu.

Limetoka pande mbili. Uingereza, nesi mkuu wa wodi huitwa sista, na wakoloni walikuja na mazoea ya kwao. Lakini Nyeri iliwaona pia masista wenyewe, wale wa nguo ndefu na rozari kiunoni, wakipanda na kushuka miteremko hii wakiwa na mkoba wa dawa. Ukitaka kujua historia ya uuguzi wa jamii huku mlimani, anza na huo mkoba. Halafu uliza nani aliubeba, nani alimtuma, na kwa nini watu walimfungulia mlango.

Mimi nilianza kuuliza kwa sababu ya binamu yangu. Anasomea diploma ya uuguzi wa afya ya jamii, miaka mitatu ya wodi, ukunga, afya ya akili na hiyo sehemu ya mwisho ambayo wanafunzi wengi huichukulia kama mapumziko: kutoka hospitalini na kuingia vijijini. Unahesabu vyoo. Unauliza maji yanatoka wapi. Unaomba kitabu cha kliniki cha mtoto na kuangalia kama alidungwa chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, na kama ile ya surua ya miezi tisa imeandikwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani, kwa hivyo siandiki kama msomi. Nina muda, na nina kadi ya maktaba.

Siku yake ya kwanza kijijini alipiga hodi kwa nyanya mmoja anayelea wajukuu. Alikuwa amevaa sare safi, ana fomu, ana kalamu tatu. Alisalimia vizuri, "Cucu, habari ya asubuhi," akaanza kueleza ametoka chuo gani. Cucu hakuiangalia fomu.

"Uri wa u?" akamuuliza. Wewe ni wa nani?

Binamu yangu akataja baba yake. Haikutosha. Akataja babu, akataja mteremko wa kwao na kanisa lililo karibu. Cucu akafikiria, akakumbuka harusi fulani ya zamani, ndipo akasogeza kiti. Mwalimu wao aliwaambia baadaye kwamba ule ulikuwa mtihani, na hauko kwenye silabasi.

Nimekuja kuamini kwamba historia yote ya kazi hii, kuanzia Nyeri hadi Chogoria, ni historia ya watu mbalimbali waliojaribu kujibu hilo swali.

*

Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia, walifika Tuthu, upande wa Murang'a, mwaka 1902. Mwaka uliofuata walifuatwa na masista wa Cottolengo, kisha Giuseppe Allamano akaanzisha shirika la masista wa Consolata mwaka 1910. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu kutoka Anfo, kijiji cha kaskazini mwa Italia: Irene Stefani. Alifika Kenya mwaka 1915, na kabla hajaizoea Nyeri vita vikamchukua.

Darasa lake la uuguzi likawa hospitali za Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Nairobi ililigeuza jina lake kuwa Kariokor. Waingereza waliwakusanya wanaume kwa nguvu, Wakikuyu, Wameru, Wakamba na wengine wengi, wawabebee mizigo kuwafuata Wajerumani hadi Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Irene aliwauguza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Mwaka 1920 akapelekwa Gikondi, Mukurweini, na huko ndiko alikobaki. Alifundisha shule, kisha akatembea. Aliingia nyumba za wagonjwa, na pia aliwaandikia watu barua: mama anataka kumjulisha mwanawe anayefanya kazi mjini, hajui kuandika, anakwenda kwa Irene. Hilo la barua naliona kubwa kuliko linavyosemwa. Mtu anayekuandikia barua anajua deni lako, mimba ya binti yako, ugomvi wa shamba. Huwezi kumwita mgeni tena.

Wakampa jina, Nyaatha, kutoka neno "tha", huruma. Mwezi Oktoba 1930 alimhudumia mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 akiwa na miaka 39. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri hapa hapa Nyeri, na umati ulijaza uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi.

Tusimfanye malaika kupita kiasi. Mkoba wake ulikuwa na dawa na maji ya ubatizo pamoja, na hakuna aliyepata kimoja bila kukutana na kingine. Lakini kwenye swali la Cucu alipita. Jina la Kikuyu halitoki ofisini. Watu ndio hukupa, wakishaamua uko wapi katikati yao.

*

Ng'ambo ya pili, karibu na Karatina, Waskoti walikuwa Tumutumu. Daktari wao, Horace Philp, alielewa mapema kwamba mzungu mmoja hawezi kuizunguka miteremko yote, kwa hivyo vijana wa hapa walifundishwa kazi. Waliitwa madresa: waliosha vidonda, walifunga bendeji, walidunga. Miaka ya 1920 sindano ya buba ilipoenea, ilikausha vidonda haraka kiasi kwamba watu waliiheshimu sindano kuliko dawa nyingine yoyote. Hata leo kuna mzee atakayekuambia hakutibiwa kwa sababu alipewa tembe tupu.

Dresa alikuwa mtoto wa kijiji, kwa hivyo swali la "wewe ni wa nani" alilijibu kabla hajaulizwa. Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi. Kuzalisha ilikuwa kazi ya muciarithania, mwanamke aliyezaa mwenyewe na kuona mengi. Sasa misheni inamchukua msichana ambaye hajaolewa, inamvalisha nguo nyeupe, inamwambia asimamie uzazi wa mtu wa umri wa mama yake. Kwa wengi hilo halikuwa na maana. Anajua nini huyu?

Halafu ukaja mwaka 1929. Wamisionari wa Kiskoti waliwataka waumini wao waape kuachana na tohara ya wasichana. Philp na madaktari wenzake walikuwa na hoja ya kitabibu, kwa sababu waliona makovu yalivyowatesa wanawake wakati wa kujifungua. Hoja ilikuwa ya kweli, ila waliyoileta walikuwa watu wale wale ambao serikali yao ilichukua mashamba, na wakaileta kwa njia ya kiapo. Waumini walihama kanisa kwa wingi, shule huru zikaanza kuchipuka, na nyimbo za Muthirigu za kuwakejeli wamisionari zikaimbwa hadi serikali ikazipiga marufuku mwaka 1930. Ukweli kuhusu mwili wa mwanamke ukakwama kwenye siasa kwa miaka mingi.

Hapo nesi anajifunza kitu ambacho wodi haifundishi: mtu anaweza kukataa jambo sahihi kwa sababu hakuamini wewe unayelisema.

*

Mlango uliharibiwa kabisa miaka ya 1950. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, zaidi ya Wakikuyu milioni moja walitolewa kwenye boma zao na kusukumwa ndani ya vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa seng'enge. Nyeri ilikuwa katikati ya balaa hilo. Wanawake walichimbishwa handaki refu kando ya msitu ili kuwakata Mau Mau na chakula. Watoto walishinda njaa, na magonjwa yalienea kwa sababu watu walisongamana.

Ndani ya seng'enge hizo ndimo walimoingia wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu wa Uingereza na maafisa wa maendeleo ya jamii, na maziwa, supu na masomo ya kuosha mtoto. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilipewa msukumo wakati huo huo, na kujiunga kuliweza kumpunguzia mama kazi ya shokoa na kumpatia mwanawe maziwa. Sidharau maziwa. Kuna watoto waliopona kwa ajili yake. Lakini fikiria mama anayetembelewa na mtu mwenye kitabu cha kuandikia, anayeuliza mko wangapi humu ndani na baba yuko wapi. Askari wa homgadi aliuliza maswali hayo hayo.

Cucu wa binamu yangu ana miaka inayomtosha kuwa mtoto mdogo kijijini humo. Sijui kama alikumbuka seng'enge alipoiona ile fomu, na sitamwekea maneno mdomoni. Ila mtu wa umri wake akiuliza "wewe ni wa nani" kabla ya kujibu idadi ya watu nyumbani, ana sababu.

*

Jibu bora nililopata liko upande wa pili wa mlima. Ukizunguka kwa matatu kupitia Embu unafika Chogoria, Tharaka Nithi, ambako Dk. Clive Irvine alianzisha hospitali ya Waskoti mwaka 1922. Chuo cha uuguzi pale kina jina lake hadi leo. Mwanawe, Geoffrey, naye alikuwa daktari, na katika miaka ya 1970 na 1980 hospitali hiyo iligeuza mwelekeo: badala ya kungoja wagonjwa kitandani, ikajenga mtandao wa kliniki ndogo vijijini, na watu wa kujitolea waliotoka kwenye jamii yenyewe.

Dunia nayo ilikuwa inafika huko. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza afya ya msingi kuwa njia ya kila nchi. Mwaka 1980 Kenya ikaanzisha mpango wake wa chanjo kwa watoto wote. Mwaka 1981 Eunice Muringo Kiereini, mkuu wa wauguzi wa Kenya, akawa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi.

Wakati huo mwanamke wa Kenya alizaa watoto wanane kwa wastani, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Utafiti uliofanywa Chogoria mwaka 1985 uliwakuta wanawake wa pale wakitumia uzazi wa mpango kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha taifa. Dawa zilikuwa zile zile za Nairobi. Tofauti ni kwamba aliyekuja kuzungumzia jambo hilo la chumbani alikuwa jirani unayemjua, na nyuma ya jirani kulikuwa na nesi aliyesomea, anayefika kweli siku aliyosema atafika. Vitu viwili pamoja.

*

Sasa tazama tulipo. Mwaka 2013 afya ilihamishiwa kaunti, na kujifungua hospitali za umma kukawa bila malipo. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Desemba 2018 Nyeri ilichaguliwa kuwa moja ya kaunti nne za kujaribu afya kwa wote. Mwaka 2021 serikali ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko. Na Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa wakiwa na mikoba mipya, ndani yake mashine ya presha, mizani, kipimo cha sukari. Kila mmoja anatembelea takriban nyumba mia moja. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti, nusu kutoka serikali kuu, na mara nyingine inachelewa.

Weka mambo hayo pamoja uone kilichotokea. Mama wa jirani mwenye mkoba anajulikana na kila Cucu wa mteremko wake, lakini akikuta mtoto anayepumua kwa shida anahitaji mtu wa kumpigia simu. Binamu yangu ndiye huyo mtu. Amesomea nimonia ya watoto, anajua kuzalisha, anajua kumtambua mama aliyezama kwenye huzuni baada ya kujifungua. Lakini wenzake waliomtangulia wana leseni na wamekaa. Mmoja yuko kwenye duka la dawa Karatina, mwingine anafanya mtihani wa Kiingereza ili aende Uingereza, na wa tatu alipata kandarasi ya mwaka mmoja ikaisha. Wazazi wao waliuza ng'ombe kulipa karo.

Chogoria ilifanikiwa kwa kuwaunganisha hawa wawili. Sisi tumewatenganisha. Mmoja tumempa mkoba bila mshahara, mwingine tumempa elimu bila mkoba.

Wageni wanaokuja Nyeri hupelekwa kwenye kaburi la Baden-Powell, wapige picha, wanywe chai, warudi Nairobi. Ningewapeleka Gikondi, kisha niwapandishe mteremko saa nane mchana jua likiwa kali, wahesabu nyumba mia moja kwa miguu. Wakifika juu ndipo tuzungumze 5,000 ni pesa ngapi, na kwa nini nesi aliyefuzu anahitaji viza ili apate kazi ambayo kijiji chake kinaihitaji leo.