Mwenyeji Kwanza, Mgeni Baadaye: Historia Fupi ya Mashine Ndani ya Mashine

Vijana wa huku kwetu, kuanzia Kwa Vonza hadi Wote, wakianza kujifunza mambo ya seva ama usalama wa mitandao, swali lao la kwanza huwa moja: nitumie VirtualBox ama VMware? Hilo swali limeanzia katikati ya hadithi. La kwanza ni hili: unaiweka juu ya mfumo gani?

Hebu tuelewane. Mfumo endeshi ulio kwenye kompyuta yenyewe, uwe Windows ama Linux, ndio mwenyeji. Ule unaouwasha ndani ya dirisha, kwenye mashine pepe, ni mgeni. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kompyuta ni kinyume: mwenyeji akiugua, wageni wote wanalala nje.

Wazo lenyewe si la juzi. Katika miaka ya 1960, IBM walitengeneza CP-40 na baadaye CP-67 huko Cambridge, Massachusetts, kisha mwaka 1972 wakatoa VM/370. Kompyuta moja ilikuwa ghali mno, kwa hivyo waliigawa ili kila mtu aone kama ana yake peke yake. Fikiria bwawa la mchanga la Kitui: mto ni mmoja, boma ni nyingi, na kila boma inachota kwa mtungi wake. Lakini wakati huo hukuwa na cha kuchagua. Mashine ni ya IBM, programu ni ya IBM, basi.

Kuchagua mwenyeji kulianza kuwa shida ya mtu wa kawaida mwaka 1999. VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu kama Diane Greene na Mendel Rosenblum, ilitoa programu ya kuendesha mashine pepe kwenye kompyuta ndogo za mezani. Mwenyeji alikuwa Linux ama Windows NT. Ilikuwa kazi ngumu kwa sababu chipu za wakati huo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Intel na AMD walikuja kuongeza uwezo huo ndani ya chipu mwaka 2005 na 2006.

Halafu ukaja mwaka 2007, na huo kwangu ndio mwaka mkubwa. KVM iliingia ndani ya kerneli ya Linux, na kampuni ya Kijerumani, Innotek, ikaifungua VirtualBox ili watu waitumie bure. Sun waliinunua Innotek mwaka 2008, na Oracle wakainunua Sun mwaka 2010. Katikati ya hayo, mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini. Programu ilikuwa ya bure, na njia ya kuipata ikafunguka. Mtoto wa Ukambani akaingia kwenye hadithi.

Lakini mlango ukifunguka, kuna mwenye ufunguo. Desemba 2018, VirtualBox 6.0 iliacha kuwatambua wenyeji wa biti 32. Mwaka mmoja baadaye, toleo la 6.1 likataka lazima chipu iwe na ule uwezo wa Intel ama AMD. Desemba 2020, Red Hat walitangaza kwamba CentOS 8, ambayo watu waliitegemea hadi 2029, ingekwisha mwisho wa 2021. Watu walikuwa tayari wamejenga seva zao juu yake! Na tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Ile Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, na kwa Intel, kwa kawaida, chipu ya kizazi cha 8 kwenda juu.

Sasa angalia laptopu zetu. Nyingi ni zile za ex-UK, kizazi cha 4 ama cha 6. Hazijaharibika. Zinawaka, zinafanya kazi. Ni orodha iliyobadilika, na iliandikwa mbali na hapa, na watu wasiojua bando ya GB 1 inaisha aje.

Ndio maana nasema "inafanya kazi" na "inatambuliwa" ni vitu viwili tofauti. Mfumo usiotambuliwa unaweza kukubali leo. Kesho sasisho linakuja, mashine pepe inakataa kuwaka, na hakuna wa kukusaidia. Aliye na waya wa intaneti nyumbani atapakua upya jioni hiyo hiyo. Wewe wa Mutomo utasubiri mwisho wa mwezi.

Maoni yangu ni haya. Kama laptopu yako inakubali Windows 11 na ina RAM ya GB 8 ama zaidi, kaa hapo, hakuna dhambi. Kama haikubali, weka Linux ya maisha marefu: Debian, ama Ubuntu LTS. Ubuntu 24.04 ina msaada wa kawaida hadi 2029. Fedora ni nzuri, lakini toleo moja linaishi kama miezi 13 tu, na bando yako haitaki mwenyeji wa kuhamahama. Ingia BIOS uone kama VT-x imewashwa. Kisha soma orodha ya wenyeji wanaotambuliwa kabla ya kupakua chochote.

Mbona nalikazania hivi? Kwa sababu Konza imejengwa kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya Malili, hapa Makueni. Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013, na leo kuna kituo cha data cha taifa pale. Kazi ya vituo kama hivyo ni hii hii: wageni wengi juu ya mwenyeji mmoja. KVM unayoweza kuifanyia mazoezi bure kwenye ex-UK yako ndiyo Google wanaitumia kwenye wingu lao.

Mimi nilitoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo karo yangu ni bando na stima. Kuna wengi kama mimi kati ya Mwingi na Kibwezi. Ardhi ya Konza ilitoka kwetu. Itakuwa aibu wanaoendesha zile seva watoke kwingine kote, eti kwa sababu sisi tulikwama kwenye mwenyeji aliyezeeka.